Kesi Iliyolala Ghorofa ya Tatu

Wakili Sekela Mwaisumo alikuwa amefundisha somo la kutua mzigo kwa miaka tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwuliza swali akakosa jibu. Asubuhi ile ya Juni, ukungu ukiwa umeziba madirisha yote ya jengo la Umoja wa Mawakili wa Nyanda za Juu mjini Njombe, aliulizwa.

Alikuwa anakaribia kumaliza. Mawakili vijana thelathini na wanne walikaa mbele yake wakiwa na makoti mazito, na aliwaeleza yale aliyowaeleza wenzao waliotangulia. Kulikuwa na mwaka mmoja ambao Umoja ulizika wanachama watano, na hata mmoja hakufa kwa maradhi. Walikufa kwa kesi. Ndipo Umoja ukaanzisha mafunzo ya lazima, ukampa kila mwanachama Msaidizi, programu inayosoma majalada na kumpangia wakili siku zake, na mwisho ukafungua Hifadhi, ghorofa ya tatu.

"Hifadhi haifuti kitu," alisema. "Unalala, unavalishwa kofia, mashine inakusomea jalada lako ukurasa kwa ukurasa. Kila ukurasa unapoamsha kumbukumbu, inanakiliwa kwenye kioo, kisha inalazwa kichwani mwako. Ukiamka unajua tu kwamba kesi hiyo iliwahi kuwepo. Kioo ni chako, kinafungiwa kabatini, na hakuna mwingine anayeweza kukitazama. Mimi mwenyewe ninacho kimoja. Bila hicho nisingekuwa nimesimama hapa."

Sentensi hiyo ya mwisho huwa inawatuliza. Safari hii mwanamke mmoja wa safu ya nyuma alinyoosha mkono.

"Samahani, mama. Kumbukumbu za kesi ni za nani? Za wakili au za mteja?"

"Za wakili. Ziko kichwani mwake."

"Hata maneno aliyoambiwa na mteja?"

Sekela alianza kukusanya karatasi zake mezani. Watu wawili watatu walicheka kidogo. Akasema muda umekwisha, wangeendelea baada ya chai.

Yule mwanamke alimfuata mpaka kwenye ngazi. Alijitambulisha kuwa Yusta Kyando, wakili wa mwaka wa tatu.

"Shikamoo, mama. Sikuuliza kwa ubishi. Nina mteja gerezani, kifungo cha maisha. Ulimtetea wewe, miaka kumi na moja iliyopita. Anaitwa Obeti Tweve."

"Simjui."

"Najua humjui," Yusta alisema kwa upole. "Ndiyo maana nimekuja."

*

Walimkuta Obeti Tweve kwenye chumba cha wageni cha gereza, chumba chenye baridi na meza moja ya zege. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mvi za mapema na vidole vilivyobadilika rangi kwa miaka ya kupaka rangi viti vya serikali. Alipomwona Sekela alisimama.

"Kamwene, mama wakili," alisalimia. "Umenenepa. Afadhali. Siku zile ulikuwa unakohoa sana."

"Kamwene." Sekela aliutazama uso ule, akatafuta chochote. Hakikuwepo. Ilikuwa kama kumtazama mtu aliyesimama upande wa pili wa barabara. "Mzee Tweve, sina budi kukwambia ukweli. Sikukumbuki."

Obeti alimgeukia Yusta, kisha akamrudia Sekela.

"Huyu binti aliniambia hivyo. Nikadhani ni namna ya kusema kwamba hukutaka kuja." Alikaa polepole. "Mama, mimi nilikueleza mambo ambayo hata mke wangu hajayasikia. Ulikuja mara tatu. Ulikuwa unaandika, unaniambia, endelea Tweve, mimi nipo. Maneno hayo sasa yako wapi?"

"Yamehifadhiwa."

"Wapi?"

"Kwenye kioo. Pale Njombe, kwenye jengo letu."

"Kabatini."

"Ndiyo. Kabatini."

"Nani aliniuliza?"

Katika kanuni za Hifadhi, ambazo Sekela mwenyewe alishiriki kuziandika, hapakuwa na mstari hata mmoja uliomtaja mteja.

Obeti alieleza upya, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Nyumba ya kaka yake iliungua alasiri moja na shemeji yake akafia ndani. Yeye na kaka yake walikuwa wamegombana wiki hiyo kwa sababu ya mpaka wa shamba, majirani walisikia, na hiyo ikatosha. Lakini alasiri ile Obeti alikuwa mwendo wa saa nne kutoka hapo, kwenye tanuri la kukaushia maua ya pareto, akichochea moto pamoja na mlinzi wa tanuri, mzee Alatanga Mbilinyi.

"Nilikutajia huyo mzee. Ukasema utamfuata. Kesi ikaisha, mzee hakuja." Alisugua vidole vyake. "Alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Baadaye mke wangu aliniandikia kwamba mzee anataka kuja kunitazama huku. Nikamjibu asije. Nilisema mtu aliyeniacha mahakamani sitaki kumwona gerezani. Sasa amekufa, mwaka wa saba huu. Nataka kujua kitu kimoja tu, mama wakili. Ulimwita akakataa, au hukumwita?"

"Sijui," alisema Sekela.

"Lakini unajua pa kuuliza."

Njiani kurudi, gari likijiendesha lenyewe taratibu kwenye ukungu, Yusta alieleza upande wa sheria. Muda wa kukata rufaa ulipita zamani. Mahakama ingeweza kuuongeza endapo ingeonyeshwa kwamba kosa lilikuwa la wakili na si la mteja, na kwamba kuna ushahidi ambao haukusikilizwa. Jalada lilikuwa kimya. Msaidizi alikwisha kufuta kumbukumbu za kazi za zamani, kama alivyopangiwa, kila baada ya miaka saba.

"Imebaki wewe tu, mama," Yusta alisema.

*

Remida Chaula alikuwa mkuu wa idara ya ustawi wa mawakili. Yeye na Sekela walijifunza kazi pamoja kwa wakili mmoja, wakachangia joho moja mwezi mzima kabla ya kupata yao. Alimsikiliza Sekela mpaka mwisho, kisha akafungua kabati la chuma nyuma ya kiti chake, akatoa kadi.

Maandishi yalikuwa ya Sekela mwenyewe, yamelalia upande mmoja.

*Nisirudishiwe. Hata nikija nikiomba, hata nikilia. Mwambieni huyo atakayekuja kwamba mimi nilijua zaidi yake.*

"Nilikuwepo ukiandika," Remida alisema. "Daktari alithibitisha kwamba akili yako ni timamu. Ulikuwa umelazwa wiki sita, Sekela. Wewe unajua kwamba ulilazwa kwa uchovu. Mimi najua dada yako alikukuta katika hali gani, na nilikaa kwenye benchi la hospitali siku mbili nisijue kama utafumbua macho. Sasa niambie, nimsikilize Sekela yupi?"

"Yule alikuwa anaumwa."

"Na huyu hajui anachoomba. Yule alijua."

Sekela aliigeuza kadi. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Remi, tangu tuingie kwenye kazi hii tumeambiwa kwamba siri ya mteja ni ya mteja. Wakili anaitunza tu. Hatukuitunga sisi sheria hiyo, tumeikuta. Kadi hii nimeandika juu ya mali isiyo yangu."

"Unajua kuna vioo vingapi kule ndani? Mia mbili na kumi na tatu. Nikikutolea wewe kimoja, kesho watu watauliza vingine vina nini. Kuna mawakili wamelea watoto, wamezeeka salama, kwa sababu ya kabati lile. Sijazika mwanachama hata mmoja kwa miaka kumi na miwili." Sauti yake ilipungua. "Sitaki kuanza na wewe."

"Na Tweve?"

"Usinitajie jina. Silitaki."

"Ana mvi, Remi. Ananizidi mwaka mmoja tu, lakini ukimwona utadhani ni baba yangu."

Nje mtu alikuwa anafagia varanda. Hatimaye Remida alichukua kalamu akaandika masharti. Sekela angelala kliniki ya Umoja siku ishirini na moja, asiwe peke yake hata saa moja, na akisema basi, mashine ingezimwa hapo hapo. Alisukuma karatasi juu ya meza bila kumtazama, na Sekela akatia saini.

*

Kofia ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia. Wahudumu walipachika kioo chake kwenye mashine, wakatoka, kwa sababu mashine inaposoma jalada la mteja hakuna mwingine anayeruhusiwa kusikia. Ilikuwa saa nne asubuhi. Sauti isiyo ya kike wala ya kiume ilianza ukurasa wa kwanza.

Harufu ndiyo iliyotangulia, maua ya pareto yaliyokaushwa, makali puani, yaliyokuwa kwenye koti la Obeti siku ya kwanza walipokutana. Kisha uzito wa majalada arobaini na moja aliyokuwa nayo msimu ule. Kisha jina Mbilinyi alilolipigia mstari mara mbili, na jibu la Msaidizi: *Shahidi huyu ana uzito wa asilimia nne. Napendekeza aachwe.* Alikumbuka jinsi alivyofurahi. Barabara ya kwenda kwa mzee ilikuwa ya matope, na asilimia nne ilimruhusu asiende.

Ikaja hukumu. Obeti alimgeukia kutoka kizimbani, akamwuliza bila sauti, mzee yuko wapi? Baada ya hukumu, notisi ya rufaa ilitakiwa ndani ya siku thelathini. Msaidizi alimuuliza mara tatu kama aiandae, na mara tatu alijibu, baadaye. Umoja ulikuwa umempa siku kumi za mapumziko ya lazima, simu zikazimwa, na aliporudi kulikuwa na kesi nyingine zilizokuwa zinapiga kelele zaidi.

Siku ya arobaini na tatu mzee alikuja.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi, matope yamemfika magotini, kofia mkononi. Mvua zilikuwa zimekata barabara na alikuwa ametembea siku mbili. "Nimekuja kwa ajili ya Obeti," alisema. "Nilikuwa nasubiri barua ya kuitwa. Watu wakaniambia kesi imekwisha." Sekela aliandika maelezo yake, kurasa tatu, na mzee akaweka dole gumba. Kabla ya kuondoka alishika mlango akasema, "Mwambie Obeti kwamba nilikuja."

Hapo Sekela, juu ya kitanda, alifikiri amefika mwisho. Uchovu, muda uliopita, shahidi aliyechelewa kuitwa. Hayo angeweza kuyabeba. Mashine ikafungua ukurasa mwingine.

Baada ya mzee kuondoka, Sekela alikaa na zile kurasa tatu mbele yake. Njia ilikuwepo. Angeweza kuomba kuongezewa muda, na jaji yeyote angempa. Lakini ingebidi ale kiapo kwamba kosa ni lake, na wiki iliyofuata baraza la Umoja lilikuwa linamchagua mkuu wa mafunzo, na jina lake lilikuwa la kwanza. Hakuzichana karatasi. Alikwenda masjala ya mahakama, akaomba jalada la kesi ya shamba la chai lililokwisha kufungwa, akazitia katikati, akalirudisha. Mzee alipopiga simu mwezi uliofuata, alimjibu kwa sauti yake ya kawaida kabisa. "Subiri nyumbani, baba. Tutakuita."

Alishinda uchaguzi. Miezi mitano baadaye dada yake alimkuta.

Remida alikuwa nje ya mlango aliposikia kilio. Aliingia mbio na mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi.

"Usizime," Sekela alisema. "Imeshaingia yote."

*

Kurasa tatu zilikuwepo pale pale, zimepata madoa ya kutu kwenye pini, dole gumba la mzee likisomeka mpaka mistari yake. Yusta alizipiga picha mbele ya msajili. Siku hiyo hiyo Sekela, akiwa na muuguzi wa kliniki pembeni, alikwenda gerezani.

Hakujitetea. Alimweleza Obeti kuhusu asilimia nne, kuhusu zile "baadaye" tatu, kuhusu uchaguzi na jalada la chai. Obeti alisikiliza mikono ikiwa juu ya zege. Aliposikia kwamba mzee Mbilinyi alitembea siku mbili, aliiondoa, akaiweka magotini.

"Alisema nikwambie kwamba alikuja," Sekela alisema. "Sikukwambia."

Obeti aliinuka, akaenda kwenye ukuta, akaegemeza paji la uso. Askari alisogea, Yusta akamwashiria amwache.

"Alitaka kuja kunitazama," Obeti alisema akiwa ameuelekea ukuta. "Nikamkataza. Mke wangu anasema alilia, mzee mzima. Mimi nikasema na alie."

Baada ya muda Obeti aliomba arudishwe chumbani kwake, na hakumtazama tena Sekela.

*

Mwezi wa nane Sekela alisimama mbele ya majaji watatu akaapa. Maneno yake yalikuwa machache. Kosa ni la wakili, mteja hakulijua, ushahidi ulifichwa na mimi. Jaji mmoja alimuuliza kama anaelewa kwamba kiapo hicho kinamaliza kazi yake. Alisema anaelewa. Muda ukaongezwa, rufaa ikasikilizwa, na katikati ya Oktoba hukumu ya Obeti Tweve ikafutwa.

Alitoka kwenye lango la mahakama akiwa na suti iliyokuwa imenunuliwa kwa kukisia, mabega yamebana. Mke wake alikuwa amemshika mkono kama anayemvusha barabara. Alipofika karibu na Sekela alisimama.

"Nakushukuru kwa kurudi kuyatafuta maneno yangu," alisema. "Kukusamehe, bado sijui. Usinisubiri."

"Sikusubiri, mzee."

Akaingia kwenye gari la Yusta, wakaenda kwao Makete, ambako kaka yake alikwisha kuhama na mpaka wa shamba ulikuwa umeota misonobari.

Wiki hiyo hiyo jina la Sekela liliondolewa kwenye orodha ya mawakili. Umoja uliwatumia wanachama ujumbe kwamba Hifadhi ni salama, kwamba tukio lile lilikuwa la mtu mmoja, na kwamba hakuna kioo kitakachotolewa bila ombi la mwenyewe. Chini ya ujumbe kulikuwa na ratiba ya mafunzo ya robo inayofuata. Somo la kutua mzigo lilikuwa limepewa mkufunzi mwingine.

Sekela alikuwa halali vizuri. Akifumba macho aliona matope kwenye magoti ya mzee. Daktari wa kliniki alimweleza kwamba, kwa kuwa matibabu yake yalianza akiwa mwanachama, bado ana haki ya kulaziwa tena kumbukumbu ile, bure, hata kesho. Alishukuru akasema hapana. Daktari aliandika hivyo kwenye faili. Wiki iliyofuata alimuuliza tena, na akajibiwa vile vile.

Jumanne moja ya Novemba, mapema asubuhi, Remida alibisha hodi nyumbani kwake. Hakukaa. Alisimama mlangoni na koti lake lililolowa ukungu, akatoa kadi mfukoni.

"Na mimi nina kimoja," alisema. "Cha miaka kumi na mitatu. Sikuwahi kumwambia mtu."

Sekela aliipokea kadi. Ilikuwa na namba tu.

"Hukuandika kitu?"

"Sikuandika. Kwa hiyo hakuna aliyenikataza, na miaka yote nimekaa mezani, kabati likiwa nyuma yangu, sijawahi kuomba." Alipangusa uso. "Twende, Sekela. Sitaki kulala pale peke yangu."

Kwenye korido ya ghorofa ya tatu kulikuwa na mawakili wanne wameketi kwenye benchi wakisubiri kurudishiwa kumbukumbu zao, kila mmoja akitazama sakafu. Mmoja alikuwa mzee aliyestaafu, na fimbo. Hakuna aliyemsalimia mwenzake.

Remida alilala, akavalishwa kofia. Mhudumu alimwonya Sekela kwamba haruhusiwi kubaki. Si wakili tena, na kitakachosomwa ni siri ya mteja wa mtu.

"Nitaziba masikio," Sekela alisema.

Mhudumu alimtazama Remida, ambaye bado alikuwa mkuu wake, naye akaitikia kwa kichwa. Mhudumu akaleta vizibo vya masikio vya nta na vifuniko vinene vya kuvaa juu yake. Sekela alivivaa, akavuta kiti, akaushika mkono wa rafiki yake kwa mikono yake miwili. Ulikuwa wa baridi.

Aliona taa ya mashine ikiwaka. Hakusikia ukurasa wa kwanza, wala wa pili. Muda fulani baadaye kinywa cha Remida kilifunguka, kikatamka jina ambalo Sekela hakulisikia, kikalitamka tena na tena. Sekela aligeuza macho yake ukutani ili asilisome midomoni, na hakuuachia mkono.